Herufi zilizonyamaza, toni zilizobaki: namna ya kutamka Kitibeti

Tamka neno "dawa" kama unavyolitamka kila siku. Sauti inapanda kidogo kwenye "da" kisha inatua kwenye "wa", kwa kuwa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa geuza wimbo wake. Anza na "da" ya chini kifuani, halafu pandisha sauti kwenye "wa". Hapo umesema "mwezi" kwa Kitibeti cha Lhasa, mji mkuu wa Tibeti, karibu sawa na anavyosema mwenyeji. Ni jina la watu pia: miongoni mwa Watibeti na Washerpa, mtoto aliyezaliwa Jumatatu, ambayo kwao ni siku ya mwezi, mara nyingi huitwa Dawa.

Lakini ukilitafuta neno hilo kitabuni hutaliona. Utakuta limeandikwa zla ba. Herufi d haimo. Zimo z, l na b, na katika hizo tatu hakuna hata moja inayosikika. Ni hapa ambapo wanafunzi wengi hufunga daftari. Huona tahajia ya namna hii kuwa kichaka cha herufi za bure, na juu yake kuna toni, yaani kimo cha sauti kinachotenganisha maneno, ambazo hakuna alama yoyote inayozionyesha. Mimi naamini mambo hayo mawili ni jambo moja. Herufi zisizosikika ndizo zinazokueleza toni. Zilipoacha kutamkwa ziliacha nyayo kwenye sauti, na anayejua kuzisoma anaweza kutazama neno ambalo hajawahi kulisikia akajua kama litamkwe juu au chini.

Tuanze na mwandiko wenyewe. Mapokeo ya Watibeti yanasema kwamba katika karne ya 7 mfalme Songtsen Gampo alimtuma waziri wake Thonmi Sambhota kwenda India kujifunza uandishi, na kwamba aliporudi alitunga herufi za Kitibeti kwa kufuata mfano wa zile za Kihindi. Herufi ni 30, zote konsonanti. Irabu i, u, e na o zina alama nne ndogo zinazowekwa juu au chini ya herufi. Irabu a haina alama, maana kila konsonanti huibeba yenyewe: ukiandika ང peke yake, umeandika silabi nzima, nga. Kila silabi hufungwa kwa nukta ndogo juu kulia.

Mwanzoni mwa karne ya 9 ufalme ulifanya marekebisho ya lugha kwa ajili ya kazi kubwa ya kutafsiri maandiko ya Kibuddha, na tahajia iliyopatikana wakati huo imebaki karibu vile vile kwa zaidi ya miaka 1,200. Midomo ya watu haikubaki vile vile. Kinachoonekana kitabuni leo ni matamshi ya mababu.

Twajuaje kwamba mababu waliyatamka kweli marundo hayo ya herufi? Kwa sababu wapo ndugu wanaoyatamka mpaka sasa. Upande wa magharibi kabisa, Baltistan nchini Pakistani na Ladakh nchini India, watu husema lugha zilizotokana na Kitibeti hicho hicho cha kale. Neno la "nyota" huandikwa skar ma. Wa Ladakh na wa Baltistan husema "skarma", s ikiwa pale pale. Lhasa husikika zaidi kama "kaama", silabi ya kwanza ikiwa juu. Neno la "nane" huandikwa brgyad. Wabalti husema "bgyat", kwa b na g mfululizo. Lhasa husema "gye", chini, na mwisho wake umekatwa kooni. Na jambo la kushika ni hili: lahaja za magharibi zilizohifadhi konsonanti zao hazitegemei toni kama Lhasa inavyozitegemea, na vivyo hivyo lahaja za Amdo kule kaskazini-mashariki, katika majimbo ya Qinghai na Gansu nchini China. Lhasa imepoteza konsonanti na kupata toni.

Hilo brgyad, བརྒྱད, ni mfano mzuri wa jinsi silabi inavyojengwa. Katikati kuna herufi mzizi, nayo ni g. Juu yake imekalishwa r, chini yake imening'inizwa y, mbele yake imetangulia b, na nyuma inafuata d. Si kila herufi inaruhusiwa kukaa kila mahali. Zinazoweza kutangulia ni tano tu: g, d, b, m, na ile inayoandikwa kwa alama ya ritifaa, ambayo Watibeti huiita "'a ndogo". Zinazoweza kukaa juu ni tatu: r, l, s. Zinazoning'inia chini ni y, r, l na w. Zinazofuata nyuma ni kumi, na nyuma ya hizo huweza kuja s moja zaidi. Kwa kuwa nafasi zina wenyewe, jicho huzoea upesi kuona mzizi uko wapi. Watoto wa Kitibeti hufundishwa kuisoma silabi kwa sauti, herufi baada ya herufi, wakitaja nani amewekwa juu ya nani, mpaka mwisho watoe tamko zima. Ni mazoezi mazuri mno na namshauri kila anayeanza asiyaruke.

Maneno ninayoyaandika hapa kwa herufi za Kilatini yanafuata utaratibu uliochapishwa mwaka 1959 na mwanazuoni Mmarekani Turrell Wylie, ambao hunakili tahajia herufi kwa herufi bila kujali matamshi. Penye matamshi nitaandika kwa Kiswahili: á ni sauti ya juu, à ni ya chini, na ritifaa baada ya k, t, p au ch inaonyesha mpumuo. Ng' ni ile ya ng'ombe.

Kuhusu mpumuo, msemaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, ana mali asiyojua kwamba anayo. Mombasa na Lamu, paa la nyumba na p'aa wa porini si neno moja. La kwanza hutoka kavu, la pili hutoka na pumzi. Vivyo hivyo kaa la moto na k'aa wa baharini, tembo la mnazi na t'embo mwenye mkonga. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo na shule haziifundishi, lakini masikio ya wazee wa pwani yanaijua. Kitibeti kimesimama juu ya tofauti hiyo hiyo. Bcu ni "kumi", nalo hutamkwa chú, kavu. Chu ni "maji", nalo hutamkwa ch'ú, kwa pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo: kwenye maji utasikia upepo, kwenye kumi usisikie kitu. Kama ulikulia mbali na pwani, mwombe mtu wa Lamu akusomee paa na p'aa mara kumi. Utafaidika kuliko kusoma kurasa nyingi za maelezo.

Mali ya pili ni ng' mwanzoni mwa neno. Wageni wengi duniani hutaabika nayo. Sisi tunayo kwenye ng'ombe, ng'ambo na ng'oa, na ny tunayo kwenye nyota. Hapo hakuna la kujifunza.

Sasa toni, na hapa nitakaa kwa muda. Weka vidole kooni useme "zzzz", kisha useme "ssss". Kwenye z koo linatetemeka, kwenye s limetulia. Wanaisimu wetu huita sauti za aina ya z, g, d, b ghuna, na za aina ya s, k, t, p sighuna. Kuna jambo moja la kimaumbile: irabu inayofuata sauti ghuna huanza chini kidogo kuliko inayofuata sauti sighuna, kwa sababu ya jinsi koo linavyojipanga ili nyuzi sauti zitetemeke. Hata kwenye Kiswahili "za" huanza chini kidogo kuliko "sa". Hatuitambui tofauti hiyo kwa kuwa z na s zenyewe zinatosha kutuonyesha neno gani limesemwa.

Lhasa, z iliacha kutetemeka ikawa s. Kama mambo yangeishia hapo, maneno mengi yangegongana. Ule mshuko mdogo wa sauti kwenye irabu, ambao mwanzo ulikuwa kivuli tu cha z, ukabaki na kubeba mzigo wote. Sa ni "ardhi": sá. Za ni "kula": sà. Konsonanti moja, irabu moja, na kinachotenganisha ardhi na kula ni kimo cha sauti. Sha ni "nyama": shá. Zhwa mo ni "kofia", na silabi yake ya kwanza ni shà. Kivietinamu kilipata sehemu ya toni zake kwa njia ya namna hii, na Kichina pia kilipopoteza ughuna wake kiligawanya toni zilizokuwapo. Si ajabu ya Tibeti peke yake, lakini kwa Kitibeti tahajia inakuwekea ushahidi mezani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: mzizi ukiwa katika kundi la k, t, p, c, ts, s, sh, h na wenzake wenye mpumuo, silabi iko juu. Ukiwa katika kundi la g, d, b, j, dz, z, zh, silabi iko chini, ingawa ughuna wenyewe umekwisha. Neno la "chai" huandikwa ja. Lhasa hulitamka ch'à, kwa pumzi na chini. Neno hili na letu "chai" ni ndugu, yote yametoka kwenye jina la Kichina la majani hayo, moja likipanda milima, jingine likipita Uajemi na India mpaka kwetu. Na neno la "ndege" huandikwa bya, nalo pia hutamkwa ch'à, kwa sababu y iliyoning'inizwa chini ya b huigeuza kuwa ch. Chai na ndege vimekuwa sauti moja na toni moja. Anayetaka tahajia irahisishwe afuate matamshi afikirie jambo hilo kwanza.

Kanuni ya pili inawapendelea tena wenye ng'. Nazali, yaani sauti za puani kama ng' na m, pamoja na l na y, zikiwa peke yake ziko chini: nga, ང, ni "mimi", ng'à. Lakini zikitanguliwa au kukaliwa juu na herufi yoyote, hupanda: lnga, ལྔ, ni "tano", ng'á. Ile l haitamkwi kabisa, ila imeinua silabi nzima. Mar ni "siagi", chini. Dmar po ni "-ekundu", na "mar" yake iko juu. La ni kipito cha mlimani, chini. Bla ma, yule mwalimu wa dini ambaye dunia yote inamwita lama, ana "la" ya juu. Mnyama yaki huandikwa g.yag, y iliyotanguliwa na g, kwa hiyo juu.

Hapa wanafunzi huteleza. Wakishajua kwamba herufi ya mbele huinua toni, huinua kila kitu. Haiwi hivyo kwa mzizi uliokuwa ghuna. Herufi ya mbele haimtoi g au d au b kwenye sakafu, humwondolea mpumuo tu. Dgu, "tisa", ni gù, chini na bila pumzi. Sgo ni "mlango" na mgo ni "kichwa", yote mawili Lhasa ni gò. Katika sehemu nyingi za Kham, upande wa mashariki, m ya "kichwa" bado ina uhai, na neno husikika kwa ng kama ya ngoma. Msemaji wa Kiswahili, aliyezaliwa akisema mbuzi, ndizi na ngazi, huko atajihisi nyumbani.

Herufi za nyuma nazo zina kazi mbili. Kwanza hubadili irabu. Silabi ikiishia kwa d, n, l au s, irabu a husogea kuwa e pana, o huwa ö na u huwa ü. Irabu hizo mbili za mwisho Kiswahili hakina. Sema "i" ndefu, kisha bila kusogeza ulimi viringa midomo kama unasema "u": hiyo ni ü. Fanya vivyo hivyo kutoka "e" kwenda midomo ya "o": hiyo ni ö. Jina la Tibeti kwa Kitibeti ni bod, བོད. B ya zamani imekuwa p' ya chini, o imekuwa ö, d imegeuka mkato wa koo. Alama tatu zimeandikwa, na hakuna hata moja inayotamkwa kama ilivyoandikwa, lakini kila moja imefanya kazi.

Pili, herufi za nyuma hupinda toni. Kham, "kipande", ni ya juu na hubaki juu. Khams, lile eneo la Kham, ina s mwishoni, na s hiyo ilipopotea iliiachia silabi mteremko: huanza juu ikaanguka. Ndiyo sababu wengine huhesabu toni za Lhasa kuwa mbili, juu na chini, na wengine huhesabu nne, kila moja ikiwa tambarare au yenye kuanguka. Kwa anayeanza, nashauri mbili. Mteremko utakuja wenyewe ukikata mwisho wa silabi vizuri.

Na kuukata mwisho ndiko kunakotushinda. Ulimi wa Kiswahili hauachi konsonanti ikae mwishoni peke yake, huipa irabu: ndivyo tulivyopata benki, shati na buku. Mtibeti akisema "chik", yaani moja, sisi tutasema "chiki", na silabi moja imekuwa mbili. Dawa yake ni kufunga njia ya hewa na kutoifungua: sema "chi" na uzuie pumzi kooni. Usingoje k isikike, Lhasa yenyewe mara nyingi haisikiki.

Sauti nyingine ngumu ni tr. Kila penye r iliyoning'inizwa chini ya k, g, p, b au d, matokeo ni t moja inayopigwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma, juu ya kaakaa. Waliokulia karibu na Wagujarati wa Unguja, Dar es Salaam au Mombasa wameisikia t hiyo maisha yao yote. Ndiyo inayofungua salamu maarufu, bkra shis bde legs. B imenyamaza, k na r zimezaa t ya kukunja, toni ni ya juu, s ya mwisho imenyamaza: "Tashi". Bde inaanza chini, b imemnyima d mpumuo, kisha "lek" kwa k ya kooni. Tashi delek, baraka na heri. Na lha ya jina la Lhasa si "la" wala "hala". Weka ulimi mahali pa l, kisha puliza bila kutetemesha koo.

Toni pia isichanganywe na kiimbo. Sisi "Umekula" na "Umekula?" tunazitofautisha kwa kupandisha sauti, na tabia hiyo tutaibeba hadi Lhasa. Kitibeti kina vijineno vya kuuliza mwishoni mwa sentensi, vinavyofanya kazi ya "je" yetu. Viache viulize, nawe linda kimo cha kila neno. Ahueni ni kwamba katika maneno ya silabi mbili, toni inayohesabika ni ya silabi ya kwanza, na ya pili kwa kawaida huwa juu. Ndiyo maana ile dawa ya mwanzo inapanda.

Nimesema herufi zimenyamaza, ila hazikufa. Sikiliza hesabu. Kumi ni bcu, chú. Nne ni bzhi, shì. Herufi b haisikiki katika neno lolote kati ya hayo. Unganisha upate kumi na nne, bcu bzhi, na Mtibeti yeyote, hata asiyejua kusoma, atasema "chupshi". Hiyo p ni ile b ya nne, iliyopata irabu ya kuegemea mbele yake. Geuza upate arobaini, bzhi bcu: "shipchu". Safari hii p ni b ya kumi. Hamsini, lnga bcu, ni "ng'apchu". Kumi na moja, bcu gcig, ni "chukchik", na ile k ya katikati ni g ya gcig. Bahari ni rgya mtsho, na wengi huitamka "gyamtso", m ikisikika wazi. Ni neno hilo hilo lililo katika jina la Dalai Lama wa 14, Tenzin Gyatso, na "dalai" ni neno la Kimongolia lenye maana ile ile ya bahari. Mkusanyiko mkuu wa maneno ya Buddha, bka' 'gyur, huitwa "Kangyur". N hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye 'a ndogo iliyo mbele ya g, herufi ambayo ukisoma 'gyur peke yake utaapa kwamba haina sauti. Na mwenda angani, yule kiumbe wa kike wa hadithi na tafakuri zao, huandikwa mkha' 'gro, mkha' ikiwa anga na 'gro ikiwa kwenda. Muulize Mtibeti anamwitaje. Atakuambia "khandro", kwa n nzima.